Bibi yuko Kasulu, mjukuu yuko Kimara: Likizo inavyoweza kuwakutanisha

LIKIZO inapokaribia, wazazi wengi wa mijini huwa na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni ada ya muhula ujao. Ya pili ni nani atabaki na watoto nyumbani wakati baba na mama wako kazini.

Kwa familia zenye asili ya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, kuna hesabu ya tatu ambayo huahirishwa kila mwaka: lini watoto watakwenda kumwona bibi.

Sababu za kuahirisha zinaeleweka. Kutoka Dar es Salaam hadi nyanda za juu za Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya watoto watatu, kwenda na kurudi, si fedha ya kuokota. Na malaria ya Kigoma kila mzazi ameisikia.

Basi safari ya Juni inasogezwa hadi Desemba, ya Desemba inasogezwa hadi Juni. Mtoto anafika kidato cha kwanza akimjua bibi yake kwa sauti ya simu tu. Hata simu yenyewe huwa fupi, kwa sababu bibi anazungumza Kiha, mjukuu anasema “shikamoo bibi”, kisha anamrudishia mama simu yake na kuendelea na katuni.

Wakati huo huo bibi anazeeka. Hilo ndilo jambo ambalo haliahirishiki.

Wenzetu wanavyofanya

Tatizo hili si la Waha peke yao, wala si la Watanzania peke yao.

Nchini Marekani kuna mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Ugiriki. Babu zao walivuka bahari kutafuta kazi, wajukuu wamezaliwa Chicago au New York, na wengi wao Kigiriki wanakijua kwa majina ya vyakula na salamu za kanisani.

Taasisi za jamii hiyo ziliona kwamba kuwahubiria vijana kuhusu asili yao hakutoshi. Zikaanzisha safari za majira ya joto. Mojawapo ni Heritage Greece, ambayo huwapeleka wanafunzi wa vyuo Athens. Huko husoma lugha, hutembelea maeneo ya kihistoria na, jambo lililo muhimu zaidi, kila mmoja huchanganywa na wanafunzi Wagiriki wa rika lake.

Wayahudi nao wana mpango wao, Birthright Israel, ulioanza mwaka 1999. Safari yake huchukua takriban siku 10 na kijana halipii gharama kuu.

Familia ya Kimara au Tabata haina mfadhili wa namna hiyo. Lakini ina kitu ambacho wengi wa vijana wale hawana tena: bibi aliye hai, shamba analolima, na binamu wa rika moja na mtoto. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango.

Waha walivyotawanyika

Kabla ya kupanga safari, ni vizuri mtoto ajue kwa nini nyumbani kwao ni mbali na kwao.

Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na tawala kadhaa zilizoongozwa na watawala walioitwa Mwami. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko ya leo.

Wakati wa ukoloni eneo hili lilifanywa ghala la nguvukazi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanaume walianza kwa kutembea kwa miguu kwa wiki kadhaa. Baadaye walisafirishwa kwa mikataba, hasa baada ya wenye mashamba kuunda chombo chao cha kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944.

Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wapo waliorudi na mablanketi na fedha ya mahari. Wapo waliobaki, wakaoa, wakazeekea Muheza, Korogwe na Kilosa. Wajukuu na vitukuu wao wapo hadi leo, na wengine hawajawahi kuiona Kasulu.

Hapa kuna jambo la kumchekesha mtoto aliyesikia habari za Wagiriki wa Marekani. Baadhi ya mashamba hayo ya mkonge yalikuwa mali ya Wagiriki, walioitoroka shida ya kwao kama Muha alivyoitoroka ya kwake. Hata Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, una jina la mfanyabiashara Mgiriki, George Arnautoglu.

Kizazi kilichofuata kilitoka Buha kwa sababu nyingine: shule, ajira serikalini, jeshi, biashara. Lakini matokeo ni yale yale. Mtoto akiulizwa “kwenu wapi”, anajibu jina la kituo cha daladala.

Faida kwa afya ya mtoto

Je, kujua asili kuna faida gani zaidi ya fahari?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitengeneza orodha ya maswali 20 kwa watoto. Yalikuwa maswali ya kawaida: Unajua babu na bibi zako walikulia wapi? Unajua wazazi wako walikutana vipi? Unajua jambo gumu lililowahi kuipata familia yenu? Unajua habari za siku uliyozaliwa?

Walibaini kwamba watoto waliojua majibu mengi zaidi walielekea kujiamini zaidi na kuhisi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao.

Watafiti hao walitahadharisha jambo moja. Kumkaririsha mtoto majibu 20 hakutamfanya awe imara. Majibu hayo ni dalili tu kwamba katika nyumba ile watu wazima huketi na watoto wakazungumza, tena mara nyingi, tena bila haraka. Mazungumzo hayo ndiyo yanayojenga.

Walibaini pia kwamba hadithi inayomsaidia mtoto zaidi si ile ya mafanikio matupu, wala si ya mateso matupu. Ni ile inayosema: tulipanda, tukaanguka, tukainuka, na bado tupo pamoja. Familia iliyopitia mkonge, iliyohamishwa kijiji, iliyosomesha mtoto mmoja kwa kuuza maharage, ina hadithi ya namna hiyo tayari. Inasubiri mtu wa kuisimulia na mtu wa kuisikiliza.

Kuna faida nyingine ambayo madaktari wataipenda. Bibi ndiye anayejua nani katika ukoo alikuwa na shinikizo la damu, nani alikuwa na kisukari, nani alipoteza watoto wadogo mfululizo. Taarifa hizo zikiandikwa, humsaidia daktari kujua nini cha kupima mapema. Zisipoandikwa, huzikwa pamoja na mwenye nazo.

Lugha: Anzeni kabla ya basi

Makosa ya kawaida ni kusubiri mtoto afike Kibondo ndipo ajifunze salamu. Akifika amenyamaza, binamu zake wanamcheka, naye anajifungia na simu yake kwa wiki nzima.

Kiha si kigumu kama mtoto anavyodhani. Ni lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa karibu na Kirundi na Kinyarwanda, na ina maneno mengi yanayofanana na Kiswahili. Mtoto akiambiwa umwana ni mtoto, ataona mwana ndani yake. Akiambiwa amazi, atajua ni maji kabla hujamaliza.

Mwezi mmoja kabla ya safari, chagueni maneno machache kila wiki. Wiki ya kwanza salamu, kuanzia mwakeye ya asubuhi. Wiki ya pili majina ya ndugu: bibi, babu, shangazi, mjomba. Wiki ya tatu vyakula. Wiki ya nne namna ya kushukuru, kuomba na kukataa kwa adabu.

Matamshi mwachieni bibi asahihishe kwa simu. Atafurahi kuwa mwalimu, na ile simu ya dakika moja itakuwa ya dakika 10.

Kijana anayeona Kiha ni lugha ya kizamani akumbushwe kwamba mwaka 2012 wasanii wa Kigoma All Stars walitoa wimbo Leka Dutigite, nao ulipigwa nchi nzima.

Binamu mmoja kwa mtoto mmoja

Somo kubwa la safari za Wagiriki ni lile la kumuunganisha mgeni na mwenyeji wa rika lake. Kwa familia, hii ni kazi rahisi. Kabla ya kufika, kila mtoto apangiwe binamu mmoja. Huyo ndiye atakayemwonyesha njia ya kisimani, atakayemtafsiria, atakayemwambia ng'ombe yupi ana hasira.

Na iwe pande zote. Binamu wa kijijini naye ana haki ya kupata kitu: kitabu, jezi, au nafasi ya kuja mjini likizo inayofuata. Mtoto wa mjini asije kama mtalii wa kupiga picha umaskini wa wenzake. Azungumzwe naye kabla, aelezwe picha gani anaweza kupiga na kwamba aombe ruhusa.

Kazi za nyumbani afanye kama wenzake: kuchota maji kwa ndoo ndogo, kuchambua maharage, kuanika muhogo. Asifanywe kibarua wa msimu, lakini asikae kama mgeni rasmi.

Chakula nacho ni somo. Ugali wa muhogo, maharage, ndizi, kisamvu kilichoungwa mawese, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Yale mawese mekundu yana viini vinavyotengeneza vitamini A mwilini, ambayo ni muhimu kwa macho na kinga ya mtoto.

Mambo ya kuona

Hakuna haja ya gharama kubwa. Mambo matatu yanatosha.

La kwanza ni mahame. Kuanzia mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wengi kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Kwa familia nyingi, nyumba ya bibi ya leo si pale babu alipozaliwa. Mwombeni mzee mmoja awapeleke watoto mahali pa zamani. Mara nyingi kuna mti, kaburi au jiwe la kusagia, na kila kimoja kina habari yake.

La pili ni Heru Juu, wilayani Kasulu, makao ya watawala wa Heru. Hapo mabinti watasikia habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekalia kiti cha utawala tangu miaka ya 1940, wakati viti hivyo karibu vyote vilikuwa vya wanaume. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini jina lake bado linatajwa.

La tatu, kwa watakaopita njia ya reli, ni Uvinza. Watu wamechemsha chumvi kutoka chemchemi zake kwa takriban miaka 1,500. Kabla ya dukani kuwa na pakiti, chumvi hiyo ilibebwa na kuuzwa mbali.

Malaria: Msiichukulie kirahisi

Hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa makini zaidi.

Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa na vimelea vya malaria. Kwa Mkoa wa Kigoma ilikuwa asilimia 24, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Dar es Salaam ilikuwa karibu asilimia 1.

Maana yake ni kwamba mtoto aliyekulia Dar es Salaam huenda hajawahi kuugua malaria, na mwili wake haujajenga kinga yoyote dhidi yake. Binamu yake anaweza kuumwa kidogo na kupona. Yeye akiumwa, anaweza kuzidiwa haraka.

Baridi ya Kasulu na Kibondo huwadanganya wageni. Usiku wa Juni unataka blanketi, na mtu hudhani mbu hawapo. Wapo.

Kila mtoto aende na chandarua chake chenye dawa, na kitumike kila usiku, hata ule usiku wa kwanza ambao wote wamechoka. Jioni avae nguo za mikono mirefu.

Akipata homa, asipewe panado na kusubiri kesho. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe. Akikutwa na malaria ya kawaida na kupewa dawa mseto ya ALu, amalize dozi zote sita kwa siku tatu, kila dozi baada ya kula, hata kama siku ya pili ameshaanza kucheza mpira.

Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa, kulegea sana au kupoteza fahamu ni dalili za hatari. Hapo ni hospitali, si zahanati ya jirani wala mganga.

Na msisahau mkirudi. Malaria huweza kujitokeza siku saba hadi mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine hata baadaye. Mtoto akipata homa wiki ya tatu baada ya kurudi, mwambieni daktari wa mjini: “Alikuwa Kigoma.” Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha, kwa sababu mjini homa nyingi huanza kutafutiwa sababu nyingine.

Mtoto mwenye selimundu, mwenye pumu au anayetumia dawa za kila siku aonwe na daktari kabla ya safari. Moshi wa kuni jikoni kwa bibi unaweza kuamsha pumu, na malaria kwa mwenye selimundu ni hatari kubwa.

Maji ya kunywa yachemshwe. Akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali haraka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Usalama na nyaraka

Kigoma inapakana na Burundi na imepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Miongoni mwa kambi zilizowapokea ni Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo. Ukaguzi wa vitambulisho barabarani ni jambo la kawaida. Kila mtoto awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na mwanafunzi abebe kitambulisho cha shule. Kama anasafiri na baba mdogo au shangazi, kuwe na barua ya mzazi yenye namba za simu.

Panga mapema nani atalala na nani. Mwambie mtoto kwa lugha nyepesi kwamba mwili wake ni wake, na kwamba hakuna siri ya aina hiyo anayopaswa kumfichia mama au baba, hata kama anayehusika ni ndugu. Afahamu pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure.

Juni au Desemba?

Juni ni kiangazi. Barabara ni nzuri zaidi, mavuno yapo ghalani na wazee wana nafasi ya kuzungumza. Desemba ni mvua, watu wako shambani na mbu ni wengi. Kwa safari ya kwanza, Juni ni bora.

Ipo nafasi nyingine ambayo wazazi wengi huipitisha. Mwanafunzi wa darasa la saba humaliza mtihani Septemba na kuanza kidato cha kwanza Januari. Miezi hiyo yote huliwa na masomo ya maandalizi. Wiki mbili kwa bibi, mwanzoni kabisa kabla mvua hazijachanganya, haziwezi kumharibia kidato cha kwanza. Na kwa umri wa miaka 13 au 14, anaelewa anachoambiwa na bado anataka kuambiwa.

Kama nauli haitoshi

Si kila familia itaweza kusafirisha watoto wote mwaka huu. Apelekwe mmoja, mkubwa, akiwa na kazi ya kurudi na kuwasimulia wadogo zake. Mwaka ujao aende mwingine.

Au bibi aletwe mjini, kama afya yake inaruhusu. Akija, asiachiwe televisheni siku nzima. Apimwe shinikizo la damu, sukari na macho, kisha jioni wajukuu waketi naye na simu ya kurekodi sauti.

Na kama hata hilo halijawezekana, wapo waliobaki mjini. Karibu kila mji mkubwa una mzee wa Kiha, shangazi wa mbali au jirani aliyetoka Muhambwe akiwa kijana. Jumapili moja kwa mwezi nyumbani kwake ni mwanzo mzuri.

Kwa familia itakayosafiri, mpe mtoto daftari moja na maswali matano ya kumuuliza bibi. Ulizaliwa wapi hasa? Nani alikupa jina lako na lina maana gani? Babu alikwenda wapi kutafuta fedha, na alirudi na nini? Ni mwaka gani mlikuwa na shida kubwa, na mliivukaje? Baba yangu, au mama yangu, alikuwa mtoto wa namna gani?

Swali la mwisho lianze. Huwafanya wazee wacheke, na mzee akishacheka, hayo mengine huyasema mwenyewe.